Miji Miwili na Mfuko Mmoja



Mara kwa mara twaulizwa swali moja na vijana wanaotazamia kufunga ndoa, tena hata na wazee wenye watoto wakubwa: Je, maisha ni nafuu wapi, Dar es Salaam au Dodoma? Wengine wamepata barua ya uhamisho, wengine watafuta kazi, na wengine wana fedha ya kununua kiwanja kimoja tu, wala hawajui wakinunue wapi. Sisi tulikaa Dar es Salaam miaka 14, na Dodoma tumekaa tangu mwisho wa mwaka 2019. Katika miji yote miwili tumeandika matumizi ya nyumba yetu katika daftari, jioni kwa jioni, maana wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi tumeona ni vema kuwajibu wote kwa pamoja, si kwa maneno ya kusikia, bali kwa yale tuliyoyaandika na kuyaona.

Kwanza na tuikumbuke miji yenyewe. Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao. Ni mji wa bandari, na biashara ya nchi nyingi hupita mlangoni pake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa huo ulionekana kuwa na watu zaidi ya milioni 5. Dodoma ni mji wa bara, katika nchi ya Wagogo, nao ulikua kwa sababu ya reli ya kati. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba serikali ihamie huko, walakini jambo lilikwenda polepole hata mwaka 2016, ndipo amri ilipotolewa kwa nguvu na ofisi zikaanza kuhama kweli. Mwaka 2018 Dodoma ukapewa cheo cha jiji, na mwaka 2022 watu wake walihesabiwa zaidi ya laki 7. Kwa hiyo mtu ailinganishaye miji hii ni kama alinganishaye mzee na kijana: mmoja umejaa, na mwingine ungali ukijengwa.

Sasa jinsi tulivyohama. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mama wa nyumba yetu, aliye karani wa serikali, alipata barua ya kwenda Dodoma. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa darasa la saba, na mtihani wake ulikuwa mwezi wa Septemba, wala hatukutaka kumwondoa katikati ya masomo. Basi mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na mafiga mahali pawili. Mama alikaa Dodoma katika chumba cha kupanga. Sisi na watoto watatu tulibaki Gongo la Mboto, pamoja na mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi. Mwezi wa Desemba tukahama sote, isipokuwa Bibi. Habari yake tutaieleza mbele, kwa maana ndiyo sehemu ya hesabu hii iliyo ngumu kupita zote.

Hatutataja mshahara wetu, kwa kuwa kila nyumba ina kipato chake. Tutasema hivi tu: katika kila shilingi 100 zilizoingia, ngapi zilikwenda wapi.

Mwaka 2018, tulipokuwa sote Dar es Salaam, chakula kilichukua shilingi 38, kodi ya nyumba 22, nauli 17, maji na umeme na mkaa 9, na ada, mavazi na dawa 11. Zikabaki 3 za akiba.

Mwaka 2019, tulipokuwa na nyumba mbili, chakula kilichukua 39, kodi 36, nauli pamoja na mabasi ya kuonana 16, maji na umeme na mkaa 10, na ada, mavazi na dawa 10. Jumlisha, nawe utaona 111. Maana yake, ziliingia 100 zikatoka 111. Zile 11 tulizikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kuzilipa kulituchukua mwaka mzima uliofuata.

Mwaka 2021, deni likiisha kulipwa, nasi sote tuko Dodoma, chakula kilichukua 36, kodi 24, nauli 7, maji na umeme na mkaa 11, ada, mavazi na dawa 10, na safari za kwenda kwa Bibi 5. Zikabaki 7.

Msomaji asikimbilie kusema, "Kumbe, Dodoma ni rahisi." Shilingi 100 zenyewe zilikuwa zimepungua. Mshahara wa serikali haujui mji: karani wa Dodoma na karani wa Dar es Salaam wenye cheo kimoja hulipwa sawasawa. Lakini Gongo la Mboto tulikuwa na cherehani barazani, na watu walipita tangu alfajiri hata usiku. Kushona sare za shule na kutia viraka kulileta fedha kila juma. Dodoma cherehani ni ile ile, barabara ni pana, na wapitao ni wachache. Kwa kila shilingi 100 tulizopata zamani, sasa twapata 88. Kwa hiyo zile 7 za akiba ni sawa na 6 za zamani. Hata hivyo 6 ni mara mbili ya 3, nasi tulitaka kujua zilitoka wapi. Tukayapima mambo moja moja.

Jambo la kwanza ni nyumba. Wengi hudhani nyumba za Dodoma ni za bei ndogo. Zamani ilikuwa hivyo, lakini tangu mwaka 2016 wageni walipoanza kuingia kwa wingi, kodi zilipanda. Bunge nalo likikutana, hasa katika kikao cha bajeti kianzacho Aprili hata mwisho wa Juni, nyumba za wageni hujaa na bei zake hupanda. Katika miji yote miwili wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 mbele, na dalali hutaka ya mwezi mmoja iwe yake. Kwa hiyo hapo hatukupata nafuu ya shilingi. Tulipata nafuu ya nafasi: mahali pa vyumba viwili tuna vitatu, na ua wa kuanikia nguo na wa watoto kuchezea.

Jambo la pili ni chakula, na hapa tulijifunza neno kubwa kutoka kwa jirani zetu. Dar es Salaam una kila kitu. Samaki wapo Feri, nazi zipo, mchicha hulimwa hata mabondeni ndani ya mji. Lakini mtu wa kipato kidogo hununua kwa kipimo: mafuta kwa kikombe kidogo, mkaa kwa kopo, unga kwa kilo moja ya leo, na kesho tena. Anunuaye kwa kopo hulipa zaidi kuliko anunuaye kwa gunia, ijapokuwa haoni, kwa sababu kila siku hutoa kidogo. Tena hata akipata fedha ya gunia, atalilaza wapi? Chumba ni kimoja, hewa ya pwani ina unyevu, na wadudu huingia upesi katika nafaka.

Wagogo wamefundishwa na nchi yao. Mvua ya Dodoma hunyesha msimu mmoja tu, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na wastani wake hauzidi sana milimeta 570 kwa mwaka. Wazee wao walisimuliana habari za njaa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920, iliyoua watu wengi sana. Kwa hiyo desturi ya kuweka nafaka imo katika damu yao. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alitazama unga wetu wa kilo mbili akauliza, "Huu ni wa wagonjwa?" Kisha akatufundisha kungoja mavuno, twende Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi katika barabara ya Morogoro, tukanunue magunia ya miezi sita, tuyakaushe vema na kuyaweka juu ya mbao. Tulifanya hivyo, na ndipo chakula kiliposhuka. Mafuta ya alizeti hupatikana karibu, karanga pia, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Samaki hutoka bwawa la Mtera, lakini aliyezoea samaki wa bahari atahuzunika kidogo. Mboga za majani wakati wa kiangazi ni ghali, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mlenda uliokaushwa ni mali.

Jambo la tatu ni maji na moto. Umeme una bei moja nchi nzima. Petroli ya Dodoma huzidi kidogo ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa hushushwa bandarini na kubebwa kwa magari, na saruji na vitu vingine vya viwandani hufuata njia iyo hiyo. Maji ni shida ya pande zote mbili. Dar es Salaam hutegemea zaidi mto Ruvu. Ukame ulipokuja mwaka 2022, mwezi wa Oktoba maji yalianza kutolewa kwa zamu, na watu wakanunua maji ya boza na ya madumu. Dodoma hutegemea sana visima vya Mzakwe, navyo vina watu wengi wa kuwanywesha kuliko zamani. Sisi tulinunua simtanki, na fedha yake ilitupa uchungu. Maji yetu huku yana chumvi kidogo, na sabuni haitoi povu upesi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kwa kuhama utaacha shida ya maji, usimsadiki.

Jambo la nne ni nauli, na nyuma ya nauli kuna muda. Kutoka Gongo la Mboto hata Posta si chini ya kilomita 15. Siku hizo mama alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naye alirudi saa mbili usiku. Saa 4 za siku yake zilikwisha ndani ya daladala na katika kungoja daladala. Mvua ikinyesha na bonde la Msimbazi likifurika, hata zaidi. Dodoma twakaa Nzuguni, na ofisi yake iko Mtumba, katika barabara ile ile. Kwenda na kurudi huchukua saa 1. Basi kila siku ya kazi tumerudishiwa saa 3. Kwa juma ni saa 15. Kwa majuma 48 ya kazi ni saa 720. Gawanya kwa 24 uone: ni siku 30 kamili, mchana na usiku. Kila mwaka mama alikuwa akitoa mwezi mzima wa maisha yake kuwa nauli, juu ya nauli ya fedha, wala hakuna aliyempa tikiti ya mwezi huo.

Mwezi huo uliorudi ulikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwa mtoto wetu wa pili. Alikuwa na miaka tisa wala hakusoma vizuri. Sisi ni waalimu, lakini mwalimu arudipo jioni kutoka kwa watoto wa wengine hana subira kwa wake. Mama alianza kuketi naye kila jioni baada ya chakula, kitabu kikiwa mezani, kidole chini ya mstari. Baada ya mwaka alisoma mwenyewe, na baadaye alimsomea mdogo wake. Hakuna safu ya jambo hilo katika daftari letu. Kama ingekuwapo, tungeiandika mbele ya kodi.

Hata hapa mtu atasema, "Basi, hesabu imekwisha, Dodoma umeshinda." Bado. Sasa twaja kwa Bibi.

Mwezi wa Juni 2020 alikuja kukaa nasi kwa majaribio. Usiku wa Juni Dodoma una baridi, kwa maana mji uko zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, na upepo wake una vumbi. Midomo ikampasuka. Tena hakuwa na mtu wa rika lake wa kuzungumza naye mambo ya zamani. Tulimwambia kwamba hospitali si tatizo, kwa kuwa iko hospitali kubwa ya Benjamin Mkapa, na madaktari wake wanasifiwa. Akajibu, "Mwanangu, mimi siendi kwa daktari kila siku. Kila siku nakwenda kwa jirani." Mwisho wa mwezi akarudi Gongo la Mboto, akakaa na mdogo wetu. Alipoagana nasi alisema neno moja, nalo limekaa nasi: "Nendeni kwa amani kazini kwenu, ila msinifanye mama wa simu."

Kwa miaka mitatu tulijitahidi. Basi la asubuhi lilikula mchana mzima, na kurudi mchana mwingine, hata safari ya kumwona ilitaka siku tatu. Tulikwenda mara tatu au nne kwa mwaka. Mwezi wa Machi 2023 simu ililia usiku: Bibi amelazwa. Tukapanda basi la kwanza la alfajiri. Safari ile ilikuwa ndefu kuliko zote tulizopata kusafiri. Kila kituo kilionekana kama kimewekwa ili kutuchelewesha. Tulifika jioni, jua likitua. Alikuwa amelala, akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mmefika? Kumbe Dodoma ni mbali." Hakusema kwa lawama. Alikuwa anapima, kama sisi tunavyopima katika daftari. Alipona kwa neema ya Mungu, naye yu hai hata leo.

Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria, kwanza hata Morogoro mwezi wa Juni, kisha hata Dodoma mwisho wa Julai. Safari iliyokula mchana mzima ikawa ya saa chache. Mtu aondokaye asubuhi hula chakula cha mchana na mama yake. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000; kwenda na kurudi ni shilingi 62,000. Kwa watu watano haiwezekani. Kwa hiyo twaenda kwa zamu, mmoja kila mwezi, na zamu hizo zimeandikwa ukutani. Mtoto wa pili zamu yake ikifika huchukua kitabu, akamsomea Bibi barazani. Tumeona kwamba umbali wa miji haupimwi kwa kilomita tu. Hupimwa kwa saa, na kwa bei ya tikiti, na kwa umri wa yule angojaye.

Kutokana na hayo yote, hatuwezi kumwambia mtu yeyote, "Hama," wala, "Baki." Mtu aishiye kwa biashara ndogo, kwa ufundi, au kwa kazi ya bahari, asiufuate mji kwa sababu ya mshahara wa wengine, wanunuzi wako Dar es Salaam. Mtu mwenye mshahara wa mwezi, na watoto wadogo, na barua ya uhamisho mkononi, atapata Dodoma nafasi na muda. Lakini kila nyumba ijiulize maswali manne, mume na mke wakiketi pamoja na kalamu. La kwanza: Kipato chetu kinatufuata, au kinabaki? La pili: Tutanunua kwa gunia au kwa kopo, na je, tuna mahali pa kuliweka gunia? La tatu: Saa ngapi za siku yetu zitabaki kwa watoto? La nne: Ni nani asiyeweza kuhama pamoja nasi, na tutamwendeaje?

Tena tuna neno moja kwa wale waliogawanyika. Tangu mwaka 2016 tumeziona nyumba nyingi ambazo baba yuko Dodoma, na mama na watoto wako Dar es Salaam. Zilianza kwa kusema, "Ni kwa muda." Muda ule haukuandikwa popote, nao umekuwa miaka. Watoto humjua baba kwa siku ya mshahara, na baba huuliza habari za mtihani kwa simu, kama mkaguzi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Shilingi 111 katika kila 100 si deni la fedha tu. Ikiwa hapana budi kugawanyika, kwa ajili ya mtihani wa mtoto au mgonjwa asiyeweza kuachwa, basi andikeni tarehe ya mwisho wake. Sisi tuliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa Gongo la Mboto: Desemba 2019. Kila asubuhi watoto walipofunga mlango waliisoma, na mama Dodoma aliijua. Tarehe iliyoandikwa mlangoni ni vigumu kuisahau.

Wasomaji, zamu ya mwezi huu ni ya mdogo kabisa, pamoja nasi. Tumemwambia achague zawadi ya kumpelekea Bibi, naye amechagua zabibu. Ikiwa mna daftari zenu, zitazameni. Na kama hamna, daftari la shule la kurasa 96 latosha kuanza. Kwaherini.